Miezi saba na "Back in Black"

Huu ni mwezi wa saba napiga wimbo mmoja tu. Gitaa nalijua tangu ujana, kodi za kawaida, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, zimo mikononi, na watu wakikusanyika kuimba naweza kuwafuata bila kupotea. Lakini roki nzito, ile ya amplifaya inayonguruma na solo inayolia kwenye freti (vile vyuma vya shingo ya gitaa) za mwisho mwisho, nilikuwa naipenda kwa masikio tu. Kila nilipojaribu kuipiga zilitoka kelele. Mwaka huu nikaamua kuacha kurukaruka. Nikachagua wimbo mmoja, "Back in Black" wa bendi ya AC/DC, nikajiwekea sharti kwamba sigusi mwingine mpaka huu niupige wote, ridhimu (gitaa la kusindikiza) na solo.

Wapo watakaosema nimechagua wimbo wa wanaoanza. Kodi tatu, E, D na A, nani asiyezijua? Hata mimi nilidhani wiki mbili zitatosha kwa ridhimu, kisha niende kwenye solo, maana solo ndiyo niliyokuwa nikiitamani. Ridhimu ikanichukua miezi minne. Naandika haya kwa sababu miezi ile minne, ambayo niliihesabu kama kuchelewa, ndiyo iliyonifundisha solo.

Wimbo wenyewe ulizaliwa kwenye msiba. Februari 1980 mwimbaji wa bendi, Bon Scott, alifariki. Wenzake wakamchukua Brian Johnson, wakaenda Bahamas, na katika studio za Compass Point mjini Nassau wakarekodi albamu nzima chini ya mtayarishaji Robert John Lange. Julai mwaka huohuo ilikuwa imeshatoka. Wimbo huu unamuenzi marehemu, lakini hauna kilio. Unatembea kifua mbele, hatua ndefu, bila haraka, mapigo kama 94 kwa dakika. Nafikiri hapo ndipo wengi tunapoteleza: tunasikia sauti kubwa, tunadhani ni kasi.

Magitaa ni mawili, ya ndugu wawili. Malcolm Young, kaka mtu, ndiye wa ridhimu. Angus, mdogo wake, ndiye wa solo. Kwenye rekodi wametengwa, kila mmoja upande wake, kwa hiyo ukivaa spika za masikioni unaweza kuchomoa moja ukabaki na ndugu mmoja. Usiku wa kwanza sikushika gitaa kabisa. Nilisikiliza upande mmoja mara kadhaa, nikahamia upande wa pili, nikarudi. Nilichokisikia kilinishangaza. Magitaa yale si machafu kama nilivyokuwa nikiyakumbuka. Ndani ya kila kodi unazisikia nyuzi zake. Mngurumo upo, lakini umevaa nguo nyepesi. Uzito unatoka mahali pengine, na ilinichukua muda kujua ni wapi.

Malcolm namheshimu kuliko mpiga gitaa yeyote niliyemsikiliza mwaka huu. Gitaa lake la Gretsch aliliondolea pikapu, zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi, akabakiza ile moja iliyo karibu na daraja, pale nyuzi zinapoegemea kwenye mwili wa gitaa. Alilifungia nyuzi nene ambazo wapiga roki wengi hawazitaki, kwa sababu hazivutiki kirahisi. Lakini yeye hakuhitaji kuzivuta. Alihitaji uzi ambao akiupiga kwa nguvu haupepesuki.

Basi, rifi yenyewe, kile kipande kifupi kinachorudiwa wimbo mzima, ni hivi. E moja, kimya. D tatu za kukata, kimya. A tatu za kukata, kimya. Halafu kile kipande kinachoshuka mbio kwenye nyuzi nyembamba. Duru ya pili ni hivyohivyo, ila mwishoni, badala ya kushuka kwenye nyuzi nyembamba, unapanda kwenye nyuzi nene, freti kwa freti, mpaka E ya mwanzo ikupokee tena.

Wiki ya kwanza nilishazipata kodi zote. Nikajirekodi kwa simu, nikawa naisikiliza rekodi kwa furaha. Dada yangu mkubwa, ambaye hajawahi kushika gitaa maishani mwake, alikuwa anapita. Akasimama mlangoni.

"Mbona unakimbia, mdogo wangu? Kuna mtu anakufukuza?"

Nikamwambia sikimbii, metronomu ile pale (kifaa cha kuhesabu mapigo) inalia na mimi niko nayo.

"Sawa. Lakini huo wimbo wako hauna mahali pa kuvuta pumzi. Ule wa wenyewe unao."

Alipoondoka niliirudia rekodi, mara hii nikisikiliza baina ya kodi badala ya kodi. Alisema kweli. Kodi zangu zilianza pale zilipotakiwa, ila hazikuisha. E ilikuwa bado inalia D ilipoingia, D ikaburuzwa hadi ndani ya A. Kwenye wimbo halisi nafasi zile ni tupu, unamsikia Phil Rudd kwenye ngoma akiendelea peke yake. Kwangu zilijaa masalia.

Nikajaribu kulegeza vidole vya kushoto haraka zaidi. Haikusaidia, na sababu yake niliigundua kwa kuangalia nyuzi kwa macho, amplifaya ikiwa imezimwa. Kodi unayoibana yote kwa vidole, ukilegeza inakufa yenyewe, kwa kuwa kila uzi una kidole juu yake. Lakini E hii imejengwa juu ya uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, mtupu, haujashikwa popote. Niliinua vidole vyote na uzi ukaendelea kutetemeka mbele ya macho yangu kana kwamba sijafanya kitu. D imekaa juu ya uzi wa nne mtupu. A juu ya uzi wa tano mtupu. Kodi zote tatu za rifi hii zina mguu mmoja ambao mkono wa kushoto haumiliki. Wimbo huu ambao watu wanawapa wanaoanza ni mtihani wa kuzima nyuzi tupu tangu pigo la kwanza.

Kinachozizima ni ukingo wa kiganja cha kulia, ile nyama iliyo chini ya kidole cha mwisho. Unapiga E, unaiacha ilie kwa urefu wake, kisha mkono ule uliopiga unashuka na kulala kwenye nyuzi karibu na daraja. Ukilala kwa pupa, unasikia "tap" ya nyama ikigonga nyuzi. Ukilala polepole mno, noti inakufa kwa kujikokota. Wakati huohuo vidole vya kushoto vinalegea na kulala bapa juu ya nyuzi, bila kuzibana na bila kuziachia, ili visizalishe noti nyingine vinapoinuka. Mikono yote miwili inafika pamoja, kama watu wawili wanaokunja shuka.

Zoezi nililojitungia lilikuwa hili. Metronomu kwenye 60. Pigo la kwanza, E. Pigo la pili, zima. La tatu, E. La nne, zima. Mkazo wote niliuweka kwenye mapigo ya kuzima. Nilitaka ukimya uanze sawasawa na mlio wa metronomu, usitangulie wala usichelewe. Dakika kumi kila siku kabla ya kitu kingine chochote. Kisha 70, kisha 80. Nilipofika 94 nilirudisha D na A, na kwa mara ya kwanza rifi ikasimama wima.

Ukaja usumbufu wa pili: uzi usiopigwa. Amplifaya ikiwa na sauti, uzi wa sita hauhitaji kuguswa ili uamke. Unapiga D, nao unaanza kuguna chini kwa chini. Dawa yake ni dole gumba la kushoto kupita juu ya shingo na kuugusa kidogo tu, usilie. Waalimu wa gitaa la kawaida hukataza dole gumba kuchungulia juu ya shingo, nami nilifundishwa hivyo, nikatii kwa miaka. Kwenye roki dole gumba ni mlinzi wa mlango. Nililiacha lichungulie.

Halafu nikaja kwenye amplifaya, na hapa naomba unisikilize vizuri kama na wewe unaanza. Punguza distoshoni, ule mngurumo wa amplifaya. Mimi nilikuwa nimeizungusha hadi 8 kwa sababu ndivyo nilivyodhani roki inavyopikwa. Distoshoni nyingi inasamehe kila kosa: inarefusha noti, inafunika mapigo dhaifu, inakufanya ujione una nguvu. Nikashuka hadi 6, nikashuka hadi 4, na kila niliposhuka nilisikia mkono wangu wa kulia ulivyokuwa mvivu. Sauti ikawa nyembamba. Ikanibidi nipige kwa kutoka kwenye kiwiko, mapigo ya kushuka, piki (kile kipande cha plastiki cha kupigia) ikipenya nyuzi zote za kodi kwa pamoja badala ya kuzipapasa mmoja mmoja. Siku niliyoipata sauti ile kwenye 4, ikiwa imejaa na bado inasikika kila uzi, nilielewa uzito wa Malcolm ulikokuwa ukitoka.

Kuna sababu ya kisayansi kwa nini kodi za roki hupunguzwa zikawa noti mbili, na nilipoielewa niliacha kuzidharau. Chukua E ya uzi wa sita, kama hezi 82 (mitetemo 82 kwa sekunde), na B iliyo juu yake, kama hezi 123. Amplifaya ikilemewa haizipitishi jinsi zilivyo. Inazichanganya, na kutokana na mchanganyiko huo zinazaliwa noti ambazo hukuzipiga. Mojawapo ni ile ya tofauti yao: 123 toa 82, kama 41. Hiyo ni E tena, oktava moja chini ya ile uliyoipiga, yaani noti ileile kwa sauti nzito zaidi. Vidole viwili, na chini yake anaota mpiga besi. Lakini ukiongeza noti ya tatu ya kodi, ile inayoipa furaha au huzuni, vizalia havipangiki tena vizuri, na distoshoni ikiwa nyingi vinageuka matope. Kodi ya D kamili kwenye rifi hii inasikika safi kwa kuwa mngurumo ni wa wastani. Kwenye 8 yangu ilikuwa uji.

Mwezi wa tatu mkono wa kushoto ukaanza kuuma, upande wa ndani wa kigasha, na maumivu yakawa yananisubiri asubuhi. Nilipumzika siku tisa kamili, ingawa nilitamani sana kuendelea. Niliporudi nilifanya jaribio moja: nikaweka kidole kwenye uzi bila kubana, nikawa napiga kwa mkono wa kulia huku naongeza nguvu ya kubana kidogo kidogo, mpaka noti ikatoka safi. Nikasimama hapo. Nguvu ile ilikuwa labda nusu ya niliyokuwa natumia. Nusu nyingine yote nilikuwa naipoteza kwenye mbao. Tangu siku hiyo naanza kila zoezi na jaribio hilo, na maumivu hayajarudi. Ukisikia maumivu ya aina hiyo, acha. Usipige juu yake.

Sasa kile kipande kinachoshuka. Uzi wa kwanza, freti ya 3 kisha mtupu. Uzi wa pili, freti ya 3 kisha mtupu. Uzi wa tatu, freti ya 2, ukivutwa kidogo tu, robo toni hivi, kama mtu anayenung'unika, kisha mtupu. Zile noti za uzi mtupu hazipigwi kwa piki. Kidole chenyewe kinachomoka kwa kuuchokonoa uzi, nao unalia. Nilikifanyia kazi kama pambo la rifi. Wiki nzima nilikuwa nakipiga kabla sijajiuliza noti zake ni zipi. Nikaziandika kwenye karatasi: G, E, D, B, A, G. Nikaitazama ile karatasi. Ilikuwa skeli (mfululizo wa noti) ya pentatoniki ya E ndogo, yenye noti tano tu, na solo ya Angus, ambayo nilikuwa nimeiahirisha kama mlima wa baadaye, sehemu yake kubwa inachezwa ndani ya skeli hiyohiyo kwenye freti ya 12.

Freti ya 12 iko nusu kabisa ya urefu wa uzi, ndiyo maana kila noti hapo ni ile ya uzi mtupu iliyopanda oktava moja. Pale palipokuwa na 3 na mtupu, sasa kuna 15 na 12. Palipokuwa na 2, kuna 14. Nilihama na kipande changu, freti 12 juu, vidole vilevile, na kikalia kama mwanzo wa solo. Kumbe nilikuwa tayari nimeingia, ila kwa mlango wa chini.

Hata hivyo kujua noti ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kuvuta uzi. Kwenye gitaa nililolizoea nilikuwa sivuti, au navuta kwa kubahatisha. Kwenye roki uzi unaovutwa ni sauti ya mtu anayeimba, na ukiishia chini ya noti unayoikusudia kila mtu anasikia, hata asiyejua muziki. Nilijifunza kwa njia hii. Uzi wa tatu, freti ya 14, ni A. Ukiuvuta toni nzima unakuwa B. Na B hiyo inakaa jirani hapohapo, uzi wa pili, freti ya 12. Nikaanza kuzipiga zote mbili kwa mpigo mmoja, ya jirani ikitulia na hii ikivutwa kuifuata.

Washa mngurumo ufanye hivyo, utasikia kitu cha ajabu. Noti mbili zikikaribiana bila kufikiana, sauti inapepea, wau-wau-wau. Kadiri unavyovuta, kupepea kunapungua mwendo: wau… wau… wauu… Kisha kunatulia kabisa, na noti mbili zinakuwa moja. Pale ndipo. Kidole kinakumbuka uzito wa pale. Ukizidisha, kupepea kunarudi. Sijawahi kuwa na mwalimu mkweli kama zile noti mbili. Nilifanya hivyo pia juu zaidi, uzi wa pili freti ya 15 ukivutwa kuifuata E ya uzi wa kwanza freti ya 12, na huko uzi unahitaji nguvu tofauti, lazima uujifunze upya.

Usivute kwa kidole kimoja. Kidole cha pete kikae kwenye freti ya 14, cha kati na cha shahada viwe nyuma yake kwenye uzi uleule, vyote vitatu visukume. Na mwendo usitoke vidoleni, utoke kwenye kifundo cha mkono, kama anayezungusha ufunguo, huku shina la kidole cha shahada likiegemea shingo ya gitaa. Hapo dole gumba langu lililochungulia lilipata kazi ya pili, maana linashikilia upande wa pili wa shingo na kuupa mkono mahali pa kujizungushia.

Kisha jambo ambalo lilinifurahisha kuliko yote. Unapovuta uzi wa tatu kwenda juu, unausukuma ukutane na uzi wa nne, wakati mwingine hata wa tano, na ukiuachia urudi, nyuzi hizo nene zinaguna. Wapigaji wengi wanaoanza solo wanasumbuliwa na mguno huo wasijue unatoka wapi. Mimi haukunisumbua. Ukingo wa kiganja changu cha kulia ulikuwa tayari umelala juu ya nyuzi za chini, wenyewe, bila kuambiwa. Miezi minne ya E-zima-E-zima ilikuwa imeuzoesha.

Mtetemo wa noti ulinipa tabu zaidi. Wa Angus ni mpana na una haraka, unausikia hata kwenye noti fupi. Wangu ulikuwa mwembamba, kama mtu anayesikia baridi. Nilichofanya ni kuupigia hesabu: metronomu kwenye 60, mvuto mmoja kila pigo, kisha miwili, kisha mitatu, kisha minne, na kila mvuto ufike juu ileile na kurudi chini ileile. Mtetemo nao una ridhimu. Nilipoutoa kwenye kubahatisha nikauweka kwenye mapigo, uliacha kutapatapa. Bado haujawa mpana nitakavyo. Nipo nao.

Solo niliikatakata vipande, vingine sekunde mbili tu. Kila kipande nilikiimba kwanza kwa mdomo, bila gitaa, mpaka nikiimbe bila kusikiliza rekodi. Zipo programu za simu zinazopunguza mwendo wa wimbo bila kubadilisha noti. Nilianza kwa nusu mwendo, nikapanda. Noti nikazipata karibu zote. Nikapiga solo nzima juu ya rekodi, nikajirekodi, nikasikiliza. Ilikuwa ileile hadithi ya wiki ya kwanza: noti sahihi, pumzi hakuna.

Nikamkumbuka dada. Nikafanya kitu ambacho sasa nakifanya kwa kila solo. Nikaziba nyuzi zote kwa mkono wa kushoto, zisitoe noti yoyote, nikapiga solo ya Angus yote kwa mkono wa kulia peke yake: chaka, chaka-chaka, kimya, chaka. Hakuna E, hakuna B, ni mapigo tu. Ilikuwa vigumu kuliko solo yenyewe, kwa sababu bila noti huna pa kujifichia. Nikagundua anaanza vishazi vyake mahali ambapo mimi sikuwa nimepasikia, baada ya pigo badala ya juu yake, na kwamba anaacha mapengo, na ndani ya mapengo hayo rifi ya kaka yake inachungulia. Anamwachia Malcolm nafasi ya kusema. Siku tatu za chaka-chaka, kisha nikarudisha noti, na solo ikakaa.

Mpwa wangu ana miaka 16 na anapiga ngoma. Jumamosi iliyopita nilimwomba anisindikize, bila rekodi, sisi wawili tu. Tulianza kwa mwendo wangu wa kujifariji, 80. Akasimama katikati.

"Mjomba, tupige ule wenyewe."

Akahesabu kwa hai-hati (yale matoazi mawili yanayogongana), nne, na tukaingia. E. Nikazima. Kwenye ule ukimya nilisikia hai-hati yake ikipita peke yake, tupu, safi, na nikajua nimezima kwa wakati kwa sababu yeye hakuyumba hata kidogo. D tatu. Kimya. A tatu. Kimya. Tulizunguka rifi ile mara nyingi kuliko wimbo unavyotaka, hakuna aliyetaka kwenda kwenye kiitikio. Nilipoingia kwenye solo hakukuwa na gitaa la pili la kunibeba, na bado haikudondoka. Mapengo yalibaki mapengo, yeye akayapigia.

Kilichobaki ni mwisho wa wimbo, pale gitaa la Angus linaporudi na sauti kuanza kufifia. Kila usiku baada ya kazi navaa spika za masikioni, naongeza sauti hadi mwisho kabisa sekunde zile za mwisho, na kupata noti mbili tatu zaidi kabla hazijazama. Jana nimepata mvuto mmoja ambao sikuwa nimeusikia kwa miezi yote hii, uko mbali sana, unapanda. Nadhani ni uzi wa pili, freti ya 15. Leo nitauhakikisha.